Chakula Nilichomwandikia Kamanda

Vijana wa kliniki waliponiaga waliniomba niandike ukurasa mmoja wa mawaidha, wautie kwenye fremu pale mapokezi, kando ya kalenda ya dawa za minyoo. Nimejaribu. Ukurasa haukutosha, na sidhani watamtafuta fundi wa fremu wakishasoma. Basi wauweke kwenye droo. Nimechoka kusikia watu wakistaafu na kusimulia jinsi walivyofanya kila kitu vizuri. Mimi nitasimulia nililofanya vibaya, na wale walionisaidia kulifanya, ambao hadi leo wanavaa tai na kuamkiwa kwa heshima.

Nilianza kazi nikiwa na diploma ya afya ya mifugo na viatu vya visigino. Kliniki ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua chache kutoka Jogoo Road, Nairobi. Mwenye kliniki alikuwa Daktari Nyambura, mwanamke mfupi ambaye mumewe alidai kwamba hulala na buti za mpira. Mimi nilikuwa nimesomea ng'ombe. Siku ya kwanza nikaletewa mbwa wa bawabu wa kiwanda, mkubwa, mkali, nikaenda kwenye kabati kutafuta kifaa cha kumfunga mdomo kama tulivyofundishwa chuoni. Daktari Nyambura alinitazama nikipekua. Kisha akakata kipande cha bendeji, akapiga kitanzi, akamfunga mbwa mdomo kabla sijafunga mlango wa kabati.

"Chuoni mlikuwa na kabati," akasema. "Hapa tuna bendeji."

Tangu siku hiyo sikuvaa visigino tena kazini, na mfuko wangu wa koti haukukosa bendeji. Mtaa mzima uliniita daktari. Nilijaribu kuwasahihisha kwa mwaka mmoja hivi, kisha nikazoea, na hapo ndipo mtu huanza kuharibika.

Daktari Nyambura alikuwa na sheria mbili ambazo hakuziandika popote. Ya kwanza: usimuulize mwenye mbwa kuhusu chakula, muulize anayeshika sufuria. Mwenye mbwa atakuambia mnyama wake hula vizuri sana. Anayeshika sufuria ndiye anayejua kwamba juzi kulikuwa na mifupa ya kuku na jana hakukuwa na kitu. Ya pili: mtoe mgonjwa mlangoni, kwenye mwanga wa jua, umfunue mdomo na ukope huko. Taa yetu ya ndani ilikuwa ya mrija mrefu, na chini yake kila kitu kilikuwa na rangi ya mgonjwa, pamoja na sisi wenyewe. Umanjano wa ini huwezi kuuona chini ya taa ile. Nimewahi kumsaidia kubeba mbwa wa kilo arobaini hadi mlangoni kwa ajili ya kumtazama ufizi tu, watu wakisimama njiani kutushangaa.

Miaka hiyo mbwa wa Eastlands alikula mabaki ya mwenyewe: ugali wa jana, maji ya omena, vichwa vya kuku, matumbo siku ya Jumapili. Walikuja na viroboto, na kupe, na minyoo ya kujaza kikombe. Maini yao yalikuwa mazima. Nilitibu vidonda vya waya, mifupa iliyokwama kooni, na paka wa maghala ya nafaka ambao wenye maghala waliwapenda kuliko makarani wao.

Kisha likaja gunia. Lilikuwa na picha ya mbwa wa manyoya marefu akicheka juu ya nyasi ambazo hakuna mbwa wa mtaa wetu wa Makongeni amewahi kuzikanyaga. Kampuni sitaitaja, kwa sababu ina mawakili wengi kuliko niliokuwa na wagonjwa. Tuliitwa semina kwenye hoteli moja mjini, tukala kuku, na bwana wa mauzo mwenye suti ya kubana akatuonyesha picha ukutani. Alitueleza kwa huzuni kubwa kwamba ugali ni adui wa mbwa. Chakula chake mwenyewe, kama nilivyokuja kujua, kilikuwa mahindi tangu juu hadi chini, yakatiwa rangi na harufu ya nyama na kukatwa vipande vyenye umbo la mfupa. Adui alikuwa amevalishwa nguo mpya. Tukapiga makofi, tukapewa kofia na mwavuli mkubwa wenye yule mbwa anayecheka. Mwavuli niliuchukua. Nauandika hapa ili mjue nilinunuliwa kwa kitu gani.

Daktari Nyambura hakuja semina. Alikuwa amekwisha kuniachia kliniki na kuhamia Kinangop kwa kondoo wake. Nikabaki peke yangu na bango la kampuni ukutani, na kila aliyeleta mbwa kuchanjwa nilimwambia aache ugali, anunue chakula cha gunia. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Lakini nani Makongeni ananunua gunia zima? Watu walinunua kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, kama wanavyonunua maharagwe. Duka la agroveti, la dawa na vyakula vya mifugo, tulilotegemea lilikuwa la Hawa, mama wa Pumwani, mtu wa maneno machache na mizani ya haki. Hawa alifungua gunia, akakunja mdomo wa gunia kwa nje, akatia mkebe ndani. Mteja alipimiwa kwenye mfuko wa kaki akaenda zake. Hakuona gunia, hakuona tarehe, hakuona nambari ya kiwandani. Kampuni ilijua vizuri kwamba ndivyo tunavyouziana. Ilikuwa faida kwao: chakula kikiua, mwenye mbwa hana hata karatasi ya kukilaumu.

Sasa nifike kwa Kamanda.

Alikuwa mbwa wa Barasa, fundi wa mashine katika kiwanda cha sabuni, mtu wa Bungoma anayeongea polepole na kulia haraka. Walimleta kwa mkokoteni, mvua ikinyesha, amefunikwa blanketi. Alikuwa ametapika siku mbili na choo chake kilikuwa cheusi kwa damu.

"Daktari, huyu wamempea kitu," Barasa akasema. "Si mara ya kwanza wameanza maneno."

Mitaani kwetu mbwa hafi, huuawa. Akifa, basi ni wezi wamemtupia nyama wapate kuingia, au ni jirani aliyechoka na kelele. Na kila siku mtu hupita na kipaza sauti akiuza dawa ya panya, mende na kunguni, kwa hiyo sumu haikosekani. Nilikuwa nimeona mbwa wengi waliokula panya waliokufa kwa dawa hiyo, nao huvuja damu. Nikamfunua Kamanda mdomo pale mezani, chini ya taa ya mrija. Sikumtoa mlangoni. Kulikuwa na mvua, alikuwa mzito, na watu watano walikuwa kwenye benchi. Sikuuliza nani anashika sufuria. Ningeuliza, Barasa angenijibu kwamba ni mkewe, na mkewe angeniambia kwamba majuma matatu yaliyopita aliacha kumpikia ugali akaanza kumpimia chakula cha gunia, kwa sababu siku ya chanjo mimi ndiye niliyemwagiza.

Badala yake nikamdunga vitamini ya kugandisha damu, nikatikisa kichwa, nikasema, "Ni kweli, mtu amemtupia dawa ya panya." Kisha nikaandika kwenye kadi yake, kwa mwandiko wangu mzuri: apewe chakula cha dukani peke yake, kilowekwe kwa maji ya moto hadi kilainike, ugali marufuku. Nilimwandikia mgonjwa aongezewe kilichokuwa kikimmaliza.

Barasa akaomba karatasi ya kumpelekea mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kamati ya usalama ya mtaa. Nikaiandika nimesimama, mistari miwili, nikapiga muhuri. *Mbwa aliyetajwa amelishwa dawa ya panya na mtu.* Hilo neno "mtu" nimelitafakari kuliko neno lolote nililowahi kuandika. Siku ya nne Kamanda akafa kwenye veranda, na kadi yangu imebandikwa ukutani juu ya bakuli lake.

Mtu alipatikana kabla jua halijazama. Ukuta kwa ukuta na Barasa aliishi Mzee Mutiso, mjane wa kiume, mshona akala, viatu vya matairi, pale soko la Kariokor. Alipanga chumba kimoja kwa familia ya mfanyakazi wa reli, na humo ndimo alimofiwa na mkewe na kulea binti. Kamanda alimbwekea kila jioni, pengine kwa sababu ya harufu ya matairi, na siku moja Mzee alikuwa amesema mbele ya watu, "Huyu mbwa iko siku atanyamaza." Kila mtu akakumbuka. Barua yangu ikapigwa picha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, muhuri ukionekana vizuri kabisa.

Jumapili mwenyekiti akaita baraza kwenye uwanja kati ya nyumba, nami nikaalikwa kama mtaalamu. Mwenyekiti alikuwa mtu aliyependa kusoma barua hadharani. Aliisoma yangu mara mbili. Mzee Mutiso akasimama. Hakupandisha sauti.

"Mama Daktari," akasema, "hapo jalalani kuna mbwa sita hawana mwenyewe. Ukitupa hata ganda la yai wanafika kabla halijagusa chini. Kama mimi nimetupa nyama, ni nani angeikula kwanza? Na wako wapi? Si wale wamelala pale?"

Tukageuka sote. Mbwa sita walikuwa wamelala juani kando ya jalala, wazima kama jiwe, mmoja akijikuna sikio. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyokuwa nimeuliza mwaka mzima, na lilitoka kwa mshona viatu. Watu wakacheka. Mimi nami nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikasema mambo ya sumu ni ya kitaalamu. Baraza likaamua kwamba Mzee aondoke mtaani kabla ya mwisho wa mwezi. Alikuwa na chumba kimoja na jina zuri, na nilimsaidia kupoteza vyote viwili.

Majuma mawili baadaye wakaja wengine. Jike la mtaa wa Mbotela, mbwa wawili wa kanisa moja, wote wanatapika, wote hawataki kula. Kila mwenye mbwa alikuwa na adui wake tayari, jina na nambari ya nyumba. Nikaanza kushangaa Eastlands ina wauaji wangapi, na wote wamechagua mwezi mmoja. Lakini kushangaa si kufikiri, nikaendelea kudunga vitamini.

Aliyeniamsha ni msichana mmoja wa mtaa wa Umoja, karani wa benki, aliyeleta mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha nguo.

"Nani anaweza kuwa amemtupia kitu?" nikauliza, kwa mazoea.

"Amtupie aje, daktari? Tunaishi fourth floor. Huyu hajawahi shuka hata ngazi, anakojoa kwa gazeti."

Siku hiyo kulikuwa na jua. Nikanyanyua kikapu, nikatoka hadi mlangoni, nikamfunua ukope. Weupe wa jicho haukuwepo. Ulikuwa manjano, na ufizi manjano, na ngozi ya tumbo manjano. Sumu ya panya haipaki mtu rangi hiyo siku za kwanza. Lile lilikuwa ini, na sumu ya ini haitupwi dirishani, hulishwa kidogo kidogo.

"Nani anamlisha?" nikauliza.

"Mimi. Hiyo ya gunia. Si ni wewe uliniambia?"

Nilimpigia Daktari Nyambura. Nilimweleza kwa mpangilio, kuanzia Kamanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kondoo wakilia nyuma yake.

"Ulimtoa nje?" akauliza.

Nikamwambia kulikuwa na mvua. Akakata simu.

Nikaenda kwa Hawa. Nilipomweleza akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Akasema magunia ya mwisho yalikuwa na vumbi la kijani chini. Alikuwa amemwambia mleta mzigo, akajibiwa kwamba hiyo ni mboga. "Mboga," Hawa akarudia. Gunia lenyewe lilikuwa nyuma ya duka, amelikata kufunikia makaa. Tukakung'uta masizi, na nambari ya kiwandani ikawa bado inasomeka. Hawa alifunga chakula kilichobaki kwenye mkebe, akapanda matatu nami hadi maabara ya serikali, akaketi kwenye benchi kutwa nzima. Hakuna mtu aliyekuwa amemwalika semina wala kumpa kofia.

Majibu yalikuwa na neno moja la maana: sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi yaliyonyeshewa. Mahindi ya namna hiyo wasaga unga huyakataa, kwa kuwa yakiua mtu gazeti huandika. Yakishakataliwa hupandishwa cheo, yakawa chakula bora cha mbwa.

Yule bwana wa mauzo alikuja kwa gari la kampuni, suti ile ile. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kukikagua, nami sikumwambia kilichokuwa kimekaa hapo kabla yake.

"Madam, sisi bidhaa yetu hutoka salama kabisa," akasema. "Changamoto ni jinsi wateja wa huku wanavyohifadhi. Unajua mitaa hii, unyevu, panya, watu kupimiana kwa mikebe."

"Mbwa wangapi wamekufa mtaani kwenu?" nikamuuliza.

"Mimi sifugi mbwa, madam. Nina mzio."

Aliniachia barua ya kunishukuru kwa ushirikiano, na kofia mbili. Miezi michache baadaye kampuni ikabadilisha gunia. Mbwa anayecheka akaondolewa, akawekwa mwingine anayecheka zaidi. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyeomba radhi, na mkubwa wao nilimwona kwenye televisheni akipokea tuzo ya ubunifu. Nawadharau, na sitaki dharau yangu ifikiriwe ni uchungu wa uzee. Nilikuwa nayo nikiwa kazini. Nilichokosa ni adabu ya kuanza nayo mimi mwenyewe.

Nikaandika barua ya pili. Iliandikwa nimeketi, ikachukua siku mbili. Wakati huo Mzee Mutiso alikuwa amekwisha kuhama, amejibana kwa binti yake Mathare, watu watano chumba kimoja, na kila asubuhi anatembea hadi Kariokor. Nilimkuta kwenye kibanda chake, kisu mkononi, anachonga soli kwenye tairi. Nikamwamkia, nikamweleza yote nimesimama, nikamnyooshea barua. Hakuipokea.

"Inasemaje?"

"Kwamba hukuua mbwa, Mzee. Kwamba nilikosea."

"Ile ya kwanza uliniletea mimi?"

"Hapana."

"Ilisomwa wapi?"

Akarudi kwenye tairi lake. "Basi hii nayo kaisome huko," akasema. "Mimi najua sikuua mbwa. Unaniletea habari gani?"

Mwenyekiti hakutaka. Alisema jambo lile limekwisha, watu wamesahau, kwa nini kufukua. Nilimwambia nitasimama hata kama hataniita. Jumapili hiyo akaniweka mwisho kabisa, baada ya mambo ya maji taka na mchango wa mazishi, watu wakiwa wameanza kukunja viti. Barasa alikuwa mstari wa mbele na mkewe. Mzee Mutiso sikumwona.

Nikasoma. Nilisoma kwamba Kamanda hakuuawa na jirani. Nilisoma kwamba aliuawa na chakula kilichooza, na kwamba mimi ndiye niliyekiagiza mara mbili, mara ya kwanza akiwa mzima na mara ya pili akiwa anakufa. Mke wa Barasa akainuka. Hakunitazama, alimtazama mumewe.

"Nilikuwa namloweshea na maji moto," akasema. "Alikuwa anakataa, nikamshikilia kichwa, kwa sababu kadi ilisema."

Barasa akamshika mkono, akamketisha. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mwenyekiti akasema asante daktari kwa ufafanuzi, akageuka kufunga kikao kwa sala.

"Bado," sauti ikasema nyuma.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba ya mwisho, aproni yake ya kazi kiunoni, pale ambapo mtu asiye mkazi angesimama. Watu wakampisha, ingawa hakusogea.

"Hapo penye jina langu," Mzee Mutiso akasema. "Rudia."

Nikarudia. Nikasoma jina lake lote, la kwanza, la kati na la baba yake, na kwamba hakuwa na hatia, na kwamba mtaa huu ulimfukuza kwa neno langu. Chumba chake kilikuwa kimekwisha kupangishwa kwa mtu mwingine, ambaye alikuwa ameketi pale pale akisikiliza, macho chini.

Mzee akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anayepokea kiatu kilichoshonwa sawasawa na mtu asiyempenda. Barasa akainuka kumfuata, akiita "Mzee, ngoja," lakini alikuwa amekwisha kukata kona kuelekea barabarani. Hakumngoja, na mkono wake hakunipa.